Ghala Lililo Chini ya Ardhi: Somo Juu ya Maji ya Mji Wetu



Katika somo la toleo hili tutajifunza juu ya maji. Si maji ya mfano wala ya fumbo, bali maji haya yanayobebwa kichwani na kwa baiskeli hapa Chang'ombe kila siku. Hatutaanza na manung'uniko juu ya mgao, maana hayo yamekwisha semwa vya kutosha kwenye foleni ya bomba, wala hayajajaza ndoo hata moja. Tutaanza na swali: maji uliyokunywa asubuhi ya leo yalinyesha mwaka gani?

Wengi wakiulizwa hivi hujibu upesi kwamba ni ya msimu uliopita. Kwa mtu anayeteka mtoni kule Rungwe jibu hilo halikosei sana. Kwetu sisi wa Dodoma linakosea, na kosa lenyewe si dogo, kwa sababu mtu anayedhani kwamba ghala lake hujazwa kila mwaka hula tofauti na yule ajuaye kwamba hujazwa mara moja tu katika miaka mingi.

Wazee husimulia kwamba jina la mji huu latokana na neno la Kigogo, idodomya, maana yake imezama. Wengine husema aliyezama ni tembo aliyekuja kunywa maji kijitoni, akakwama matopeni. Wengine wana kisa cha ng'ombe walioibwa wakaliwa, na wenyewe walipokuja kuwatafuta wakaonyeshwa mikia iliyochomekwa kwenye tope, wakaambiwa, "Ng'ombe wenu wamezama." Chagua kisa ukipendacho, katika vyote viwili pana mahali penye maji katikati ya nchi kavu, na watu na wanyama wanapakusanyikia.

Nchi yetu hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha kuanzia Desemba, au mwisho wa Novemba, hata Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi, miezi saba ya jua na upepo. Bwawa lililo wazi laweza kupoteza kwa jua na upepo kina cha mita 2 katika mwaka mmoja. Hii ndiyo sababu mabwawa hayakutufaa kama walivyotarajia waliotangulia. Reli ya kati ilipofika hapa mwaka 1910, na mji ukaanza kukua kandokando ya stesheni, watawala walitafuta maji karibu. Baadaye yakachimbwa mabwawa ya Imagi na Msalatu. Lakini vilima vilivyoyazunguka vilikwisha kulishwa mno na kulimwa mno, na kila mvua kubwa ilishusha udongo bwawani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uswidi walipima matope ya mabwawa haya na ya Ikowa na Matumbulu, wakaona kwamba yanajaa upesi kuliko ilivyotazamiwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, na ambao wazee wa Kondoa wanaukumbuka kwa sababu mwaka 1979 mifugo yao iliondolewa, ulitokana na hofu hiyohiyo ya udongo unaokimbia. Kuhusu Hombolo, lile bwawa kubwa la mwaka 1957, lina samaki na humwagilia mashamba, lakini maji yake yana chumvi.

Basi mji ukageukia chini ya ardhi.

Makutupora ni bonde lililo yapata kilomita 25 kaskazini ya mji, upande wa barabara ya Kondoa, ukishapita Msalato. Wengi wetu tunalijua kwa zabibu na kwa kambi ya JKT. Visima vya mji viko huko, penye mitambo ya Mzakwe. Ardhi ya pale juu ni udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata miguuni wakati wa mvua. Chini yake pana mchanga na changarawe, na chini zaidi mwamba wa granaiti uliooza na kupasukapasuka tangu zamani sana. Nchi ilipasuka na kuinama hapo kwa nguvu zilezile zilizofanya Bonde la Ufa. Watu wengi hufikiri kwamba chini kuna ziwa, au mto unaopita gizani. Sivyo. Maji yamo ndani ya nyufa na ndani ya vitundu vya mchanga, kama yalivyomo ndani ya sifongo. Ukichimba kisima na kukivuta, maji hutoka katika nyufa za jirani na kujongea pole pole kuelekea kisimani. Ukivuta kwa nguvu kupita mwendo wake, kisima hushuka.

Tangu miaka ya 1950 watumishi wa idara ya maji wamekuwa wakipima kina cha maji katika visima vya Makutupora na kuandika katika daftari. Kazi hii haina sifa. Mtu huenda na kamba yake ya kupimia, hushusha, husoma, huandika, hurudi nyumbani. Wengine walipandishwa cheo, wengine walistaafu, daftari likaendelea. Matokeo yake ni kwamba leo Dodoma ina mojawapo ya kumbukumbu ndefu kabisa za maji ya ardhini katika nchi kavu za Afrika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Wizara ya Maji na University College London waliikusanya kumbukumbu hiyo ya miaka 55, wakailinganisha na vipimo vya mvua, na kuchapisha walichokiona mwaka 2013.

Walichokiona ni hiki. Maji ya Makutupora hayapandi kila masika. Kwa miaka kadhaa mfululizo kina hushuka kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hata kama mvua imenyesha na mtama umekomaa. Kisha huja msimu mmoja wenye mvua kubwa isiyo ya kawaida, na maji hupanda ghafula, mita kadhaa. Kisha yanaanza kushuka tena. Msimu uliojaza kuliko yote katika miaka hiyo ulikuwa ule wa 1997/98, mvua ya El Niño, ambayo kwingineko tunaikumbuka kwa madaraja yaliyochukuliwa na reli iliyokatika. Kwa hiyo mama aliyeteka maji ya bomba miaka kumi baada ya El Niño alikuwa bado ananywa, kwa sehemu, mvua ile.

Mvua ya kawaida huenda wapi? Hunywewa na mimea, hukaushwa na jua, hubaki katika udongo wa juu mpaka upepo wa Mei uimalize. Udongo wa mbuga hauruhusu maji kupenya upesi. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba mlango mkubwa wa kuingilia maji ni vijito na mito ya msimu inayoteremka kutoka vilimani na kuingia bondeni, hasa Kinyasungwe Ndogo. Mto huu ukipata maji ya kutosha kwa siku nyingi mfululizo, maji huzama katika mchanga wake na kushuka mpaka kwenye mwamba. Ukipita kwa saa chache tu na kukauka, hakuna kitu. (Mto uleule, ukishaungana na mwenzake na kuteremka hadi Gulwe, ndio unaosumbua reli karibu kila masika. Mto mmoja unatunywesha huku na kutukatia safari kule.)

Wagogo hawahitaji kufundishwa maana ya ghala. Njaa ya Mtunya, iliyowapata babu zetu mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwafundisha watu kwamba mtama ulio ndani haupimwi kwa ukubwa wa kihenge bali kwa idadi ya vinywa na idadi ya miezi. Mwenye nyumba mwenye akili huangalia kihenge, huwahesabu walaji, kisha hujiuliza mvua ijayo ya kweli itakuja lini. Haya ndiyo maswali matatu tunayopaswa kuyauliza juu ya Makutupora. La kwanza tumekwisha lijibu kwa sehemu, na la tatu hakuna mwanadamu awezaye kulijibu. Tuangalie la pili.

Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuta mjini Dodoma watu 23,559. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa kupanga mji. Mwaka 1978 watu walikuwa 45,807. Mwaka 2012, kwa mipaka mipana zaidi ya manispaa, tulihesabiwa 410,956. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia kweli, wizara zikaja, watumishi wakaja na jamaa zao, mji ukawa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na hesabu ya mwaka 2022 ikakuta watu 765,179. Waliokuwa watu wanne wa foleni sasa ni saba na zaidi, na foleni ni ileile.

Wakati Serikali ilipotangaza kuhama, mitambo ya mji, baada ya kupanuliwa kwa mkopo wa Korea Kusini, iliweza kutoa lita milioni 61.5 kwa siku, nayo mahitaji yalikuwa chini ya hapo. Tulikuwa na ziada! Miaka michache baadaye mahitaji yalipita lita milioni 100 kwa siku. Tukichukua zile milioni 61.5 na kuzigawa kwa watu wa mwaka 2022, kila mtu hupata lita 80, yaani ndoo nne kubwa. Si haba, utasema. Lakini katika hizo nne toa kwanza sehemu ya hospitali, vyuo, ofisi, magereza, hoteli na ujenzi. Toa na yale yanayopotea njiani. Taarifa za EWURA za kila mwaka zimeonyesha kwamba, ukizijumlisha mamlaka za maji zote nchini, karibu theluthi moja ya maji yanayozalishwa hayalipiwi: mengine yanavuja, mengine yanaibwa, mengine yanapita kwenye dira mbovu. Kinachobaki hakigawanyiki sawa. Mwenye matangi mawili juu ya nyumba na pampu ya kuvutia hajui kwamba kuna mgao.

DUWASA, mamlaka ya maji ya jiji letu, imechimba visima vingine nje ya Makutupora, Nzuguni pakiwa pamojawapo. Upo pia mpango wa Bwawa la Farkwa katika wilaya ya Chemba, uliozungumzwa kwa miaka mingi, na upo mpango wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria, ambayo yamekwisha fika Shinyanga na Tabora. Tunaitakia heri mipango hii yote. Lakini kwa maoni yangu tusidanganyike kwamba siku Farkwa litakapojaa tutaweza kuisahau Makutupora. Bwawa hukaukia jua na kujaa matope, kama tulivyoona Imagi, na bomba la mamia ya kilomita hukatika. Maji yaliyo ndani ya mwamba hayanyonywi na jua. Mji wenye vyanzo viwili unapaswa kutumia bwawa wakati limejaa na kuiacha Makutupora ipumzike, ili mwaka wa shida uikute ina kitu.

Hivi ndivyo wafanyavyo wenzetu wa Windhoek, mji mkuu wa Namibia, ambao hupata mvua pungufu kuliko sisi na hauna mto wa kudumu karibu. Tangu mwaka 1968 mji huo husafisha majitaka yake mpaka yakafaa kunywewa tena, na katika miaka ya karibuni, wakati mabwawa yana maji, huyasafisha na kuyasukuma chini kwenye mwamba yakae akiba. Tunaweza kuguna tukisikia habari ya majitaka, lakini wamekunywa kwa zaidi ya nusu karne na mji unaendelea. Cape Town nayo mwaka 2018 ilijikuta mabwawa yake yakielekea kuwa matupu, na kila mkazi, tajiri kwa maskini, akaambiwa asitumie zaidi ya lita 50 kwa siku. Watu waliokuwa na bustani na mabwawa ya kuogelea walijifunza kuoga wakiwa wamesimama ndani ya beseni.

Turudi sasa Chang'ombe.

Bomba linapokuwa na mgao, mwenye uwezo huchimba kisima kiwanjani kwake. Kila mtu angefanya hivyo kama angeweza, na hatumlaumu. Ila kuna hesabu moja ambayo fundi wa kuchimba huwa haimwambii mteja wake. Kanuni ya kawaida ya watu wa afya ni kwamba kisima kiwe walau mita 30 kutoka choo cha shimo, na kiwe upande wa juu wa mteremko. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20. Weka choo katika pembe moja na kisima katika pembe iliyo mbali kabisa nacho, ukivuka kiwanja chote mshazari. Umbali wake ni mita 28. Kwa hiyo hata kiwanja kikiwa kitupu, bila nyumba ndani yake, haiwezekani kutimiza kanuni. Na bado hatujahesabu choo cha jirani wa kushoto, wa kulia na wa nyuma. Katika mitaa yetu, ambako nyumba zimebanana na viwanja vingi havifiki hata mita hizo 20, kisima cha nyumbani kimezungukwa na vyoo pande zote.

Si nadharia tupu. Mwaka 1996 Hudson Nkotagu, mtaalamu wa jiolojia, alichapisha utafiti wake juu ya naitreti nyingi katika maji ya ardhini ya Dodoma, naye akaonyesha kwamba chanzo chake kikubwa ni majitaka ya watu. Naitreti ni chumvichumvi itokayo katika mkojo na kinyesi ikishaoza. Haina rangi, haina harufu, wala haibadili ladha ya chai. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango kisichozidi miligramu 50 katika lita moja, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo. Damu yao hushindwa kubeba hewa vizuri, na mtoto huanza kuwa na rangi ya buluu midomoni. Hapa akina mama wasikilize vizuri: kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, kwa hiyo tusiache kuchemsha, lakini naitreti haichemki ikatoka. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe hubaki palepale, na kila lita iliyosalia huwa nayo nyingi zaidi. Dawa yake ni kupima maji katika maabara kabla ya kuyatumia, na mtoto mchanga anyonye kwa mama yake.

Kuna na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yataka mtu apate kibali kabla ya kuchimba kisima kirefu, na kwetu kibali hicho hutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, maana maji ya Dodoma, yakifika mbali, huingia mto Wami na kwenda baharini. Wengine huona kibali ni njia nyingine ya kutozwa fedha. Labda. Lakini bila kibali hakuna daftari, na bila daftari hakuna ajuaye ni mirija mingapi imechomekwa katika chungu kimoja. Nairobi iliruhusu visima vya watu binafsi vichimbwe maelfu kwa maelfu, na kina cha maji chini ya mji ule kimekuwa kikishuka kwa miongo kadhaa, hata wanaochimba leo hawana budi kwenda chini zaidi ya majirani waliowatangulia, kwa gharama kubwa zaidi.

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, tunasoma habari za Isaka na visima vya baba yake. Wafilisti walikuwa wamevifukia kwa udongo. Isaka akavichimbua, akachimba na vingine, wachungaji wa Gerari wakagombana naye juu ya cha kwanza, wakagombana naye juu ya cha pili, mpaka alipopata cha tatu ambacho hakuna aliyekigombea. Mahubiri mengi juu ya habari hii husifu upole wa Isaka, na ni haki. Lakini tazameni pia kwamba Isaka alikuwa na nchi ya kusogea. Alipogombezwa, alihama. Sisi wa Chang'ombe hatuna Rehobothi ya kuhamia. Jirani akichafua kisima, wote tumo humohumo. Kwa hiyo vyoo vyetu na vijengwe vizuri, shimo lisifike kwenye maji, na likijaa livutwe na gari lipelekwe kwenye mabwawa ya majitaka ya Swaswa, lisifunguliwe usiku wakati wa mvua ili likimbilie kwa wengine. Sina haja ya kueleza zaidi, tunajuana.

Jambo lingine ni mchanga. Mji unaojengwa hula mchanga. Kila tofali, kila lipu, kila ghorofa linaloinuka huko mjini limetoka katika korongo la mahali fulani. Tumekwisha sema kwamba mchanga wa mito ya msimu ndio mlango wa maji kuingia ardhini. Wagogo wamejua tangu zamani kwamba korongo lililokauka halijakauka. Ukichimba mchanga wakati wa kiangazi unakuta maji, na mengi ya hayo ni masafi kuliko ya bwawa kwa kuwa mchanga umeyachuja na kuyafunika jua. Mchanga ukiondolewa mpaka kwenye udongo mgumu, mvua inayofuata hupita kwa kasi, hukata kingo, huondoka. Kijana anayepakia lori anatafuta mkate wake na hatuwezi kumwambia aache bila kumwonyesha mahali pengine. Ila viongozi wa mitaa na wenye malori wanaweza kukubaliana ni korongo lipi lichukuliwe na lipi liachwe, na yale yanayoingia bonde la Makutupora yawe ya kwanza kuachwa. Wataalamu wanatuambia kwamba dunia ikizidi kupata joto, mvua zetu zitaelekea kuja kwa vishindo zaidi, na kati ya kishindo na kishindo kuwe na ukame mrefu. Kwa mashamba hiyo ni habari mbaya. Kwa ghala letu inaweza kuwa na heri ndani yake, kwa sababu ni vishindo hivyo vinavyolijaza, mradi mlango tusiwe tumeuharibu kabla El Niño nyingine haijabisha.

Sasa yale ya nyumbani. Bomba linalovuja polepole huwa halitushtui. Fanyeni jaribio hili katika vikundi vyenu vya mtaa: wekeni glasi ya robo lita chini ya bomba la mtu mmoja linalodondoka, mtazame saa. Ikijaa kwa dakika 10, bomba hilo linamwaga lita 36 kwa siku, karibu ndoo mbili, na kwa mwaka lita zaidi ya 13,000. Mpira wa kuziba bomba bei yake ni ndogo sana. Bomba la mtaani linalovuja barabarani si la mtu, ndiyo maana huvuja wiki nzima huku kila apitaye akidhani mwingine amekwisha toa taarifa. Kikundi kimteue mtu mmoja mwenye simu, awe yeye ndiye wa kutoa taarifa, na kazi hiyo iwe na jina lake.

Maji ya kufulia yasimwagwe njiani. Maji ya suuza ya pili yanatosha kabisa kusafishia choo au kunywesha mpapai. Kuhusu bustani za maua, tuseme tu kwamba jiji lenye mibuyu halikosi uzuri.

La mwisho ni paa. Nyumba yenye bati la mita 6 kwa 8 ina eneo la mita za mraba 48. Mvua ya milimita 570 ikinyesha juu yake, zinaanguka lita 27,360 kwa mwaka. Hata tukipoteza sehemu moja katika tano kwa kurukaruka na kufurika, zinabaki karibu lita 21,900, yaani ndoo 1,094 za lita 20. Maji hayo hayakusukumwa na umeme kutoka Mzakwe, kwa hiyo TANESCO ikikatika hayakatiki. Kweli, tangi la lita 2,000 halitakuvusha kiangazi. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 tu, italimaliza kwa siku 16. Lakini kati ya Desemba na Aprili litajaa tena na tena, na kila siku unayoteka humo ni siku ambayo hukuteka Makutupora. Wenye nyumba tatu au nne zinazopakana wanaweza kuchangia tangi kubwa la saruji la lita 10,000, nalo litakwenda mbali zaidi, iwapo tu wamekubaliana mapema nani ashike ufunguo.

Mifereji ifungwe kabla ya mwisho wa Novemba, ikiinama kidogo kuelekea tangini. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu mdogo wa kuzuia mbu, na tangi lenyewe lisipitishe mwanga, maana mwanga huotesha ukijani. Paa lenye majani ya mti juu yake lifagiliwe. Na mvua ya kwanza ikija, usiielekeze tangini hata ukiona uchungu. Mfereji ugeuzwe nje, mvua hiyo ioshe vumbi la Julai na kinyesi cha njiwa, ikamwagike shambani. Ile ya pili ndiyo ya kuweka, nayo ichemshwe kabla ya kunywewa.